Nani Atazunguka Uwanja Asubuhi?

Waheshimiwa wawakilishi wadi, wahandisi wa kaunti, marubani, wanafunzi, na ndugu zetu mnaosikiliza kwa simu kutoka mbali, hamjambo nyote.

Tumeombwa tueleze jinsi kaunti za Marekani zinavyoendesha viwanja vidogo vya ndege. Tutaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya ndege ya kwanza kuruka, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Ramani, mikataba na utepe wa kukatwa siku ya ufunguzi tutavifikia baadaye.

Saa hiyo kuna gari dogo moja lenye taa ya manjano juu ya paa. Dereva wake hutangaza kwenye masafa ya redio yanayotumiwa na marubani wote wa eneo lile kwamba anaingia kwenye njia ya kurukia. Viwanja vingi vya aina hii havina mnara wa kuongozea ndege, kwa hiyo kila mmoja hueleza alipo na anakokwenda, na wengine husikiliza. Dereva huendesha akielekea upande ambao ndege zitatokea, ili akiinua macho aione ndege inayokuja kutua. Akiipa mgongo, hataiona. Akifika mwisho hugeuza na kurudi kwa upande wa pili wa lami.

Anatafuta nini? Anatafuta jiwe, kokoto, skrubu, kipande cha tairi, kipande cha waya, mzoga wa ndege wa manyoya. Kwa ndege nyingi ndogo zenye gurudumu la mbele, kiwango cha chini cha nafasi kati ya ncha ya rafadha na ardhi ni inchi 7, yaani sentimita 18 hivi. Rafadha ikizunguka kwa kasi hufyonza kokoto na kuzipiga, na kila kipigo huacha kidonda kwenye chuma. Kidonda kidogo kikiachwa bila kusuguliwa huwa ufa, na siku moja ufa huo hukata kipande cha rafadha kikiwa angani. Kwa hiyo yule anayeinama kuokota kokoto anafanya kazi ya fundi wa ndege kabla fundi hajaamka.

Hutazama pia kingo za lami. Mvua ikila udongo wa pembeni, lami hubaki juu kama ngazi, na ngazi ya zaidi ya inchi 3 inatosha kuvunja mguu wa ndege iliyoteleza nje kidogo tu. Hutazama madimbwi, nyasi zilizoota kwenye nyufa, taa zilizopasuka, soksi ya upepo iliyochanika au iliyokwama. Soksi ya kawaida hujaa na kunyooka upepo ukifika noti 15, yaani kilomita 28 hivi kwa saa. Ikiwa imekwama kwenye mhimili wake, humdanganya rubani, na rubani hana njia ya kujua kwamba anadanganywa.

Kisha huandika tarehe, saa, alichokiona, alichokirekebisha, alichokiacha na sababu ya kukiacha. Daftari hilo litarudi mara nyingi katika maelezo yetu.

Sasa tuseme viwanja hivi ni vipi. Marekani ina viwanja takriban 5,000 vinavyotumiwa na umma. Vyenye safari za ratiba za mashirika ya ndege ni kama mia tano tu. Vingine vyote ni vya marubani wanafunzi, ndege binafsi, helikopta za wagonjwa, ndege za kunyunyizia mashamba dawa, za kuzima moto wa misitu, za kupiga picha za ardhi. Vingi ni mali ya miji midogo na kaunti. Kaunti huajiri meneja na mara nyingi watu wawili au watatu chini yake, basi. Meneja huyohuyo hukata nyasi, hujibu simu na huandika bajeti.

Kwetu Kenya mambo yamekaa tofauti, na ni vizuri kulisema mapema ili mtu asichanganye. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeuweka usafiri wa anga mikononi mwa serikali ya taifa. Wilson, uwanja ambao wengi wenu mnaujua kwa ndege ndogo, uko chini ya mamlaka ya taifa ya viwanja vya ndege. Hatukuja kuwaambia mchukue kilicho cha wengine. Lakini kaunti ndiyo jirani wa kila uwanja: majengo, mitaro, taka na barabara ya kufika huko vinaigusa. Na mafuta machafu huangusha ndege popote pale, bila kuuliza uwanja ni wa nani.

Tukae kwenye mafuta, kwa kuwa hapa ndipo watu hufa.

Uwanja mdogo huuza aina mbili. Ya kwanza ni petroli ya ndege, inayojulikana kama 100LL, yenye rangi ya buluu iliyotiwa makusudi. Ya pili ni mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yenye rangi ya maji au unjano hafifu. Injini ya pistoni hutaka petroli. Injini ya tabo (turbine), hata ile inayozungusha rafadha, hutaka mafuta ya jeti. Hatari kubwa ni kuweka mafuta ya jeti kwenye ndege ya pistoni. Ndege haigomi palepale. Ndani ya mabomba na kabureta bado mna petroli ya zamani, kwa hiyo injini huwaka, ndege hutembea hadi mwisho wa njia, hupita majaribio ya injini, na huruka. Mafuta ya jeti hufika kwenye silinda wakati ndege iko futi mia chache juu ya mapaa ya watu. Hapo mchanganyiko hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, pistoni hupata joto hadi kutoboka, na nguvu hupotea mahali ambapo rubani hana urefu wala muda wa kuchagua pa kutua.

Kinga ya kwanza ni umbo. Tundu la tangi la petroli halizidi inchi 2.36 kwa upana, na la mafuta ya jeti halipungui inchi 2.95. Mdomo wa bomba la jeti umebanwa ukawa mpana kama wa bata, inchi 2.66 au zaidi, ili usiweze kuingia kwenye tundu la petroli. Mtu akiusukuma na ukakataa kuingia, umbo limemwokoa. Tatizo ni kwamba helikopta kadhaa na baadhi ya ndege za tabo zina matundu madogo yasiyopokea mdomo wa bata. Kwa ajili yao uwanja huweka mdomo wa mviringo. Mdomo huo ukiachwa kwenye bomba baada ya helikopta kuondoka, kinga imeondoka nao. Kanuni ya viwanja makini ni kuufungia mdomo wa mviringo kabatini, kuutoa kwa kuandika daftarini, na kurudisha mdomo wa bata kabla lori halijasogea.

Kinga ya pili ni rangi na maandishi: nyekundu kwa petroli, nyeusi kwa jeti, kwenye lori, kwenye bomba, na pembeni mwa tundu la ndege yenyewe. Ya tatu ni mdomo wa mtu. Mfanyakazi humuuliza rubani aina ya mafuta na kiasi, humsikiliza akijibu, kisha humsomea alichokiandika. Asikisie kwa kutazama ukubwa wa ndege. Ndege mbili zenye jina linalofanana zaweza kuwa moja ya pistoni na nyingine ya tabo. Na kwa rubani mwenye shaka lipo jaribio la bei ya karatasi moja: dondosha tone la mafuta kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka bila kuacha kitu, na mafuta ya jeti huacha duara la mafuta.

Adui wa pili ni maji. Huingia kwa mvua kupitia kifuniko chenye mpira uliochakaa, na huingia kwa umande unaojikusanya ndani ya tangi lililo nusu tupu usiku wa baridi. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Kwenye mafuta ya jeti, pale maji na mafuta yanapokutana, vijidudu huota na kufanya utando wa rangi ya kahawia unaoziba chujio. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mauzo, bomba la chini kabisa la tangi hufunguliwa na mafuta hutolewa kwenye ndoo nyeupe ya enameli hadi kina cha inchi 8, sentimita 20 hivi. Ndoo huzungushwa kwa mkono ili uchafu ukusanyike katikati, kisha mtu hutazama. Mafuta yanatakiwa yawe maangavu, yasiyo na ukungu, bila tone la maji wala chembe. Watu wengine huweka sarafu chini ya ndoo, na maandishi yake lazima yasomeke. Yakiwa na ukungu, hutolewa tena na tena hadi yawe safi, na kama hayasafiki pampu hufungwa. Mkubwa wa kaunti akipiga simu kulalamika kwamba ndege yake inasubiri, jibu ni lilelile.

Chujio lina geji ya kupima tofauti ya msukumo kati ya mafuta yanayoingia na yanayotoka. Tofauti ikifika paundi 15 kwa inchi ya mraba, vichungio hubadilishwa. Wengi wanajua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba geji ikishuka ghafla ni habari mbaya kuliko ikipanda. Kupanda kunaonyesha chujio linakamata uchafu. Kushuka ghafla kunaweza kuonyesha kichungio kimepasuka na mafuta yanapita bila kuchujwa, huku mfanyakazi mpya akifurahi kuona namba nzuri. Ndiyo maana namba huandikwa kila siku, na mara moja kwa wiki huchorwa kwenye grafu pampu ikiwa katika kasi ileile. Namba moja peke yake haisemi kitu. Mstari wa wiki nane unasema.

Lori la mzigo likifika huleta galoni 8,000 hivi, yaani lita 30,000. Usiruhusu bomba liunganishwe kabla ya mambo haya: soma hati ya mzigo uone jina la mafuta, linganisha namba za lakiri na zilizo kwenye hati, pima tangi lako kwa kijiti uhakikishe nafasi inatosha na bado inabaki ya kupanuka, unganisha waya wa kuondoa umeme tuli kati ya lori na tangi, chukua sampuli kutoka kila chumba cha lori kwenye ndoo nyeupe, pima uzito wa mafuta kwa haidromita, usahihishe kwa joto la siku hiyo, ulinganishe na hati. Uzito usiolingana ni dalili kwamba lori lilibeba kitu kingine jana na halikuoshwa. Baada ya kushusha, mafuta huachwa yatulie. Kwa jeti, saa moja kwa kila futi moja ya kina ni desturi nzuri. Kisha maji hutolewa tena chini.

Kosa lingine lilitikisa viwanja vya Marekani miaka michache iliyopita. Mafuta ya jeti hutiwa kizuia-barafu kwa ajili ya ndege zinazohitaji. Malori ya dizeli nayo yana majimaji yao ya kusafisha moshi, yaliyotengenezwa kwa urea. Vyote viwili havina rangi, na vyaweza kuwa kwenye madumu yanayofanana katika stoo moja. Novemba 2017 huko Omaha, kisha Agosti 2018 huko Opa-locka, uwanja wa Kaunti ya Miami-Dade, majimaji ya urea yaliwekwa mahali pa kizuia-barafu. Urea haiyeyuki katika mafuta. Hujigeuza fuwele nyeupe, na fuwele huziba machujio ya injini ndege ikiwa juu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu alishika dumu asilolisoma. Tangu hapo viwanja makini huweka kimiminika cha lori katika jengo tofauti na la mafuta ya ndege, hufunga kila kimoja kwa ufunguo wake, na dumu hufunguliwa watu wawili wakisoma lebo kwa sauti.

Kutoka hapo tuje kwa majirani, na tuchukue uwanja halisi.

Mashariki mwa San Jose, California, kuna uwanja uitwao Reid-Hillview. Ulifunguliwa 1939 na familia ya Reid, na Kaunti ya Santa Clara ikaununua 1961. Una njia mbili za kurukia zilizo sambamba, kila moja yenye urefu wa takriban futi 3,100, mita 945 hivi, na huu una mnara wa kuongozea ndege. Ulipojengwa, pembeni palikuwa na mashamba. Leo nyumba zimeuzunguka pande zote, na wanafunzi wa urubani huzunguka juu ya nyumba hizo siku nzima.

Petroli ya 100LL ina madini ya risasi (lead), hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi imo ili mafuta yavumilie mgandamizo mkubwa bila kulipuka kabla ya wakati. Magari Marekani yaliachana nayo zamani; ndege za pistoni bado. Agosti 2021 kaunti ilitoa utafiti wa damu za watoto wanaoishi kuzunguka uwanja, ambao uliona kwamba kadiri nyumba inavyokaribia uwanja ndivyo risasi inavyopanda. Halmashauri ya kaunti ikaamua: kuanzia tarehe 1 Januari 2022 petroli yenye risasi haiuzwi tena katika viwanja vyake viwili, Reid-Hillview na San Martin. Badala yake ikauza petroli isiyo na risasi yenye okteni 94; okteni ni kipimo cha uvumilivu huo wa mgandamizo.

Hapo panahitaji utulivu wa kufikiri. Okteni 94 inawatosha wengi, hasa ndege za kufundishia. Lakini injini zenye mgandamizo mkubwa hutaka 100, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hutaja mara kwa mara kwamba takriban asilimia 30 ya ndege hizi za pistoni ndizo zinazotumia asilimia 70 ya petroli yote. Rubani wa ndege kama hiyo aliyetua Reid-Hillview wakati huo tangi likiwa chini, ama alikwenda kwingine, ama alijaribu bahati yake. FAA ililalamika kwamba uamuzi huo ulikuwa na hatari ya kiusalama na ulikiuka ahadi za ruzuku, ambazo tutazieleza punde. Wazazi wa mashariki mwa San Jose walisema risasi katika damu ya mtoto nayo ni hatari ya kiusalama. Sisi tunaona wazazi walikuwa na haki ya kusikilizwa miaka mingi kabla, na marubani nao walikuwa na haki ya kupewa mafuta yanayofaa injini zao kabla ya mengine kuondolewa. Septemba 2022 FAA iliidhinisha mafuta yasiyo na risasi yenye okteni 100 yaitwayo G100UL, na mwishoni mwa Oktoba 2024 yakaanza kuuzwa Reid-Hillview. Bado hayajamaliza mjadala: baadhi ya wamiliki wa ndege sehemu nyingine wameripoti rangi kubabuka na vizibio vya matangi kulainika, na mtengenezaji mmoja mkubwa wa ndege hakuyaidhinisha kwa ndege zake. Zaidi ya hapo, si kila petroli mpya isiyo na risasi inaruhusiwa kuchanganywa na mwenzake katika tangi moja. Meneja anayenunua tangi leo anunue lenye vyumba viwili. Mpito huu utachukua miaka, na sheria ya Marekani ya Mei 2024 imeweka mwisho wa 2030 kuwa ukomo wa kulinda upatikanaji wa petroli ya zamani pale ambapo mbadala haujafika.

Tumetaja ruzuku. Fedha za kujenga na kukarabati viwanja hivi hutoka katika mfuko unaojazwa na kodi za tiketi na za mafuta ya ndege. Petroli ya ndege peke yake hutozwa senti 19.4 kwa galoni. Kwa kawaida serikali ya shirikisho hulipa asilimia 90 au zaidi ya mradi unaostahili. Uwanja mdogo ulioko kwenye mpango wa taifa waweza kupata hadi dola 150,000 kwa mwaka, na waweza kuziacha zijilimbikize hadi miaka minne ili zitoshe kazi moja kubwa. Lakini anayepokea hutia saini ahadi zipatazo 40. Kwa miradi mingi ahadi hudumu hadi miaka 20. Kwa ardhi iliyonunuliwa kwa fedha hizo hazina mwisho.

Ahadi inayowaumiza wanasiasa wa kaunti kuliko zote inasema mapato ya uwanja yatumike uwanjani. Kodi ya mabanda ya ndege haiwezi kujenga zahanati. Trekta la uwanja haliwezi kutumwa kulima barabara ya kaunti bure. Kwa kawaida kipande cha ardhi ya uwanja hakiwezi kupewa timu ya mpira kwa shilingi moja kwa mwaka. Ahadi nyingine inakataza kumpendelea mfanyabiashara mmoja na kumfungia mwingine mlango bila sababu ya haki. Kaunti ya Santa Clara iliona uzito huo, na 2018 ikaamua kuacha kuomba ruzuku mpya. Hata hivyo ahadi za ruzuku ilizokwisha kupokea zinaendelea hadi 2031. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwanasheria wa kaunti azisome zote, moja baada ya moja, na aziweke mbele ya baraza kwa lugha ya kawaida.

Mabanda ya ndege yana kisa chake. Kodi yake ndiyo pato la uhakika kuliko yote, na mara nyingi kuna orodha ndefu ya wanaosubiri. Ukifungua baadhi yake unakuta mashua, makochi na magari ya zamani, bila ndege. Tangu Julai 2017 FAA inatumia sera iliyo wazi: banda ni la shughuli za ndege, na vitu vingine vikae tu kama havizuii ndege. Mkataba useme kwamba meneja atakagua mara moja kwa mwaka kwa taarifa ya siku kadhaa, na akague kweli. Atazame pia mitungi ya rangi, vitambaa vyenye mafuta na nyaya za umeme za kuunganisha ovyo. Mabanda hushikana ukuta kwa ukuta, na moto wa moja ni wa yote.

Lami nayo haifi kwa uzito wa ndege ndogo. Huuawa na maji na jua. Ufa wa upana wa penseli huingiza maji kwenye tabaka la chini, tabaka hulainika, lami juu yake hubonyea na kupasuka kama ngozi ya mamba. Ikifika hapo hakuna kuziba. Ni kuchimba na kujenga upya. Kwa hiyo nyufa huzibwa mapema, kwa utaratibu: ua nyasi kwanza kwa dawa na uzisubiri zikauke, safisha ufa kwa hewa ya kandamizi, ukaushe kwa joto, mimina kizibio cha moto, nyuzi 190 za selsiasi hivi kwa aina nyingi, na ukiache chini kidogo ya uso wa lami, usikifurishe. Kizibio kilichofura huvutwa na matairi. Kinachoharibu kazi hii karibu kila mara ni haraka: ufa wenye vumbi au unyevu haushiki, na baada ya msimu mmoja wa mvua kizibio hung'oka kama kamba, na sasa kamba hiyo ndiyo takataka anayoiokota mtu wa asubuhi.

Njia ikifungwa kwa kazi kama hii, ilani kwa marubani hutangulia. Kisha alama kubwa ya X ya manjano huwekwa juu ya namba za kila mwisho wa njia. Kosa la kawaida kwenye ilani ni saa. Ilani huandikwa kwa saa ya dunia (UTC), na waandishi husahau. Kwetu Afrika Mashariki kuna mitego miwili: tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa nne asubuhi ya Kisumu ni 0700 kwenye ilani. Mwandishi aandike, na mwenzake ahakiki.

Wanyama tutawapitia haraka, maana marubani wa mbugani mnajua kuliko Wamarekani: gari hupita kwanza kufukuza pundamilia, ndipo ndege hutua. Marekani shida ni kulungu na mabata bukini. Uzio wa kuzuia kulungu hufika futi 8 hadi 10, na kinachouangusha ni nafasi chini yake, pale mvua ilipochimba mfereji. Dampo la taka au bwawa jipya visiwekwe ndani ya futi 5,000 kutoka uwanja wa ndege za pistoni, wala futi 10,000 kama ndege za tabo zinatua. Hapa ndipo idara ya mipango ya kaunti ina nguvu kuliko meneja yeyote.

Idara hiyohiyo ndiyo yenye nguvu juu ya miti na minara. Kwa njia ndogo inayotumiwa kwa macho, bila rubani kuongozwa na vyombo, hesabu huanza futi 200 nje ya mwisho wa lami: kwa kila mita 20 za kwenda mbele, anga huru hupanda mita 1. Mti wa mita 10 ulio mita 150 kutoka pale hesabu inapoanzia tayari umeingia anga ya ndege. Na mkaratusi hauhitaji miaka mingi kufika mita 10. Ni nafuu kupata haki ya kukata mti kwa maandishi wakati bado ni mche.

Tumalizie na usiku. Jioni mtu wa zamu hupita tena na gari lake. Taa za pembeni mwa njia ni nyeupe, za viungio, yaani njia za kuunganisha maegesho na njia ya kurukia, buluu, za mwanzo wa njia kijani, za mwisho nyekundu. Huhesabu zilizoungua. Hutazama taa nne zinazomwonyesha rubani mteremko: mbili nyeupe na mbili nyekundu zina maana ndege inashuka kwa nyuzi 3, zote nyekundu, iko chini mno. Sanduku la taa hizo likigongwa na mashine ya kukata nyasi, pembe yake hubadilika na rubani huongozwa kwenye miti, kwa hiyo pembe hupimwa kwa kipimo, haikisiwi kwa jicho. Fundi hupima pia ukinzani wa nyaya zilizozikwa na kuuandika, kwa sababu panya hutafuna kimyakimya na namba hushuka miezi kadhaa kabla ya giza. Kisha geti hufungwa, na watu huenda nyumbani.

Saa nane usiku helikopta au ndege ya wagonjwa inakuja. Uwanjani hakuna mtu. Rubani hubonyeza kitufe cha redio mara saba ndani ya sekunde tano kwenye masafa ya uwanja, na njia nzima huwaka kwa mwanga wa juu kabisa. Mara tano ni mwanga wa kati, mara tatu ni wa chini. Ana dakika 15. Akibonyeza tena, hesabu huanza upya. Anatua, mgonjwa anapakiwa, ndege inaondoka, na taa huzimika zenyewe hadi yule wa gari lenye taa ya manjano afike saa kumi na mbili.